Kaimu Wangu Msibani

Waliponiletea kiti ndipo nilipojua mambo yameharibika.

Nilikuwa nimetoka safari ya ndege tatu, kisha bodaboda ya umeme kutoka Tukuyu mjini hadi nyumbani, matope yamenifika magotini, kofia ya koti la mvua imenifunika hadi machoni, kichwani nina jambo moja tu: baba amefariki, na mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Niliingia uani nimeshavua viatu, tayari kwenda kukaa mkekani pamoja na mama. Kabla sijafika mlangoni, binti mmoja nisiyemjua akanikimbilia na kiti cha plastiki, akakipangusa maji ya mvua kwa kanga yake, akanikalisha chini ya turubai pamoja na wageni wa kutoka Mbeya. Akarudi na soda.

"Karibu, mgeni. Pole na safari," akasema.

Kwetu mfiwa hakalii kiti. Binti wa marehemu anakaa chini, ndani, miguu ameinyoosha, kanga kichwani, na watu wanamfuata hapo alipo. Kiti ni cha mtu aliyekuja kutoa pole akaondoka. Nilikaa. Na nisiseme uongo, mwili wangu ulifurahi. Hakuna aliyenirukia shingoni, hakuna aliyeniuliza mbona nimekonda. Nilikunywa soda yangu taratibu, moyo unaniuma, mwili umepumzika.

Kisha nikasikia sauti yangu inalia ndani.

"Baba weee! Baba, umeniachia nani mimi!"

Ilikuwa sauti yangu kabisa, isipokuwa maishani mwangu sijawahi kulia namna ile. Nikasimama, nikachungulia dirishani. Mama alikuwa mkekani, amemwegemea begani kaimu wangu, yule mwenye sura yangu niliyemwacha nyumbani, na kaimu alikuwa anamfuta machozi kwa pindo la kanga. Wanawake waliowazunguka walikuwa wanaitikia. Alilia vizuri. Alijua pa kupandisha na pa kushusha, alijua kumtaja marehemu kwa mema yake, alijua kunyamaza ili wengine nao wapate nafasi. Mzee mmoja aliyekuwa karibu yangu akatikisa kichwa.

"Huyu binti wa Mwaijande," akasema, "anajua kumlilia baba."

*

Sheria ya makaimu ilikuja wakati vijiji vimebaki na wazee watupu. Vijana tulikuwa tumeondoka wengi mno, ikafika mahali jeneza linakosa wa kulibeba na mgonjwa anakosa wa kumletea maji. Serikali haikufunga mipaka. Ilisema tu: nenda utakako, lakini mwache kaimu wako nyumbani.

Kabla sijaondoka nililazwa kwenye kituo cha makaimu Mbeya, nikavalishwa kofia ya waya. Wakawa wananionyesha picha, wananitajia majina ya ndugu, wananinusisha moshi wa jikoni, na mashine inanakili kila kinachojibu kichwani mwangu. Kumbukumbu zote mpaka asubuhi ile zikaingizwa kwenye mwili uliofinyangwa kwa sura yangu, mwili unaoshiba jua na usiohitaji ugali. Juu ya hapo wakaongeza kitu wanachokiita ufunzaji. Kaimu akisifiwa kwa jambo, analizidisha. Akinuniwa, analipunguza. Baada ya miaka kadhaa anakuwa yule mtu ambaye kijiji kilikuwa kinamtaka tangu mwanzo.

Mimi kijiji hakikunitaka. Hapana, niseme vizuri. Kijiji kilinipenda, ila kilikuwa kinasubiri mtu mwingine atoke ndani yangu. Sikujua kupiga soga. Kwenye vikao vya harusi nilikaa karibu na mlango. Nikipita njiani bila kusimama kuuliza habari za mgonjwa, za ng'ombe na za mjukuu, jioni mama anaulizwa, "Gwantwa ana nini na sisi?" Wakasema naringa. Wengine wakasema nimerogwa. Shangazi Tusekile, dada yake baba, alisema nimesoma kupita kiasi, ingawa hesabu nilifeli mara mbili. Nilijaribu, jamani. Nilikuwa narudi kutoka kwenye sherehe ya mtu nimechoka kuliko aliyeshinda shambani analima.

Sasa naishi Oulu, kaskazini mwa Finlandi, nalima nyanya ndani ya kitalu nyumba, chini ya taa. Ndiyo, mtu wa Rungwe, ambako ukitema mbegu njiani inaota, nimekwenda kulima mahali ambapo ardhi imeganda. Watu wa kule wananisalimia kwa kichwa na kupita zao. Mara ya kwanza niliposafiri ndani ya basi mwanzo hadi mwisho bila mtu kuniuliza mimi wa wapi, nilishuka nalia kwa raha. Si kwamba walinipokea kwa vigelegele, na wapo wasiopenda kuniona. Lakini hakuna anayesubiri nigeuke.

*

Mtendaji wa kijiji, Bwana Mwakibete, alinitambua kwa sababu kifaa chake kilianza kulia mfukoni. Kinalia hivyo watu wawili wenye jina moja wakikutana kwenye kiwanja kimoja. Akaja chini ya turubai akiwa na Shangazi Tusekile.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ni wewe! Wamekuweka huku na wageni?" Akakitazama kile kiti, kisha akatazama chini. Hakuniambia nihame.

"Pole sana, dada Gwantwa," mtendaji akasema. Alikuwa mtu mpole, na ilionekana wazi kwamba kazi ile inamkera. "Najua huu si wakati wake. Lakini jina moja ni la mtu mmoja. Mwenye jina akirudi nyumbani, kaimu anazimwa. Ama unamwachia jina moja kwa moja, na wewe unakuwa mgeni wa nyumba hii. Ukija, utakuja kama mgeni. Siku yako ikifika, hutazikwa hapa."

"Natakiwa niamue lini?"

"Kaburini nitaliita jina la mtoto wa marehemu atupe udongo. Atakayetupa, ndiye."

"Na kaimu akizimwa, baadaye anaweza kuamshwa?"

"Haamshwi."

Shangazi akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mwanangu, mimi nakupenda, unajua. Ila huyu ndiye aliyemwogesha baba yako alipokuwa hawezi kugeuka kitandani. Mama yako tangu msiba uingie hajala ila kwa mkono wake. Ukimzima leo tutakuwa tunazika wawili. Wewe una kwako huko. Mwachie tu."

Nikataka kusema ndiyo palepale. Ilinifaa sana, na ndiyo maana nilijiona mbaya. Yeye anapapenda hapa, mimi napapenda kule, kila mtu abaki kwake. Nilichotaka ni kumwona kwanza nimshukuru, kama mtu anavyomshukuru aliyemlelea mtoto.

*

Nilimkuta nyuma ya jiko, kwenye upenyo kati ya ukuta na tenki la maji. Nilikuwa mtoto mdogo nilipougundua upenyo ule. Wageni wakizidi nyumbani, nilikuwa najibanza hapo na kuweka paji la uso kwenye ukuta wa baridi mpaka kelele zipungue. Kaimu alikuwa amesimama hivyohivyo, uso ukutani, macho amefumba, anavuta pumzi ndefu ambazo mwili wake hauna haja nazo.

"Umechoka," nikasema.

Akageuka. Si rahisi kuuona uso wako ukikutazama na wewe hujasimama mbele ya kioo.

"Wewe unajua," akajibu.

"Nilidhani umezoea. Nimesikia unavyolia."

"Kulia najua. Nilipolia mara ya kwanza, kwenye msiba wa mzee Asangalwisye, walinisifu, basi nikazidisha. Nikipiga soga wanacheka, nazidisha soga." Alisema polepole, kwa sauti ya chini. Hapo nikaitambua sauti yangu kwa kweli. "Ufunzaji hauondoi kitu, Gwantwa. Unapaka rangi juu tu. Chini niko vilevile ulivyoniacha."

"Nilikuachaje?"

"Unakumbuka ulikuwa unawaza nini walipokuvalisha ile kofia?"

Nilikumbuka. Nilikuwa nawaza uwanja wa ndege. Nilikuwa na hamu kubwa ya kuondoka, naogopa wasije wakabadili mawazo wakanirudisha nyumbani.

"Niliamka na hamu hiyohiyo," akasema. "Nikaketi kitandani nikaulizia begi langu. Muuguzi akaniambia begi limeshaondoka na mwenyewe. Mimi nilidhani ndiye ninayeondoka."

Miaka yote ile nilijua nimeacha nyumbani mtu anayepaweza. Kumbe kile nilichokikimbia nilikuwa nimekibebesha mwingine, nikaondoka mwepesi.

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Kaimu anayelalamika anarudishwa Mbeya kunakiliwa upya. Halafu kuna mama. Nampenda mama. Hilo nalo ulinipa." Akatazama upande wa shamba. "Baba alijua. Hakuwahi kuniuliza kitu. Watu wakizidi hapa nyumbani anasema, 'Gwantwa, twende tukaangalie chai.' Tukifika shambani hakuna cha kuangalia. Tunakaa tu. Siku nyingine hatusemi neno mpaka ukungu ushuke."

Nikamwonea wivu, wivu mkali wa kitoto, maana baba alikuwa ananichukua mimi hivyohivyo na nilidhani jambo lile ni letu sisi wawili peke yetu. Kisha wivu ukanitoka nikabaki na huruma. Ilikuwa ni kwa ajili yake na yangu, sikuweza kuitenganisha.

"Kule kukoje?" akauliza. Aliuliza kama mtu mwenye njaa anayeulizia chakula.

Nikamwambia. Nikamsimulia taa za kitaluni, na nyanya zinavyoiva nje theluji inaanguka, na jirani yangu wa mlango wa pili ambaye jina lake nililijua baada ya muda mrefu sana. "Ukipanda basi," nikasema, "mtu anakaa kiti cha mbali na wewe, na si kwamba anakuchukia."

Alicheka, kacheko kafupi ka puani ambako watu wa nyumbani walikuwa wanasema si kacheko ka mtoto wa kike. "Kumbe kupo," akasema.

"Naweza kukuachia jina. Watakupenda."

"Usiniachie. Nizime, tafadhali. Mwili huu hauzeeki upesi. Ukiniachia, nitakaa hapa mpaka wajukuu wa hawa watu wazikwe, na misiba yote hiyo nitailia."

"Siwezi kukuua."

"Basi kaa wewe, mimi niende."

Niliinama nikakung'uta matope magotini. Naye hakurudia, kwa sababu jibu alilijua, angelitoa yeye mwenyewe kama angekuwa mimi. Wanawake wakaanza kumwita kutoka jikoni. Akajipangusa uso, akatengeneza kanga, akaenda kwao huku anaongea kwa sauti kubwa.

*

Kaburi lilichimbwa upande wa migomba, chini ya dirisha la chumba cha wazazi, kama desturi yetu ilivyo. Mvua ilikuwa imepungua na kubaki manyunyu. Mchungaji alipomaliza, jeneza likashushwa, na mtendaji akasogea mbele na kifaa chake.

"Gwantwa Mwaijande, mtoto wa marehemu," akaita.

Nilikuwa upande mmoja wa kaburi, nimejifunga kanga ya shangazi, kaimu alikuwa upande wa pili amemshika mama mkono. Nikangoja asogee. Nilishapanga moyoni: akisogea, nitaliachia jina na yaishe, hata kama amenisihi nisifanye hivyo. Nikamtazama, nikaona naye ananitazama hivyohivyo, anangoja mimi nisogee ili azimwe na yaishe. Tulikuwa tunapiga hesabu moja na tukapata jibu moja, kwa hiyo hakuna aliyeondoka mahali pake.

"Gwantwa Mwaijande," mtendaji akarudia.

Watu wakaanza kunong'ona. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, kwa huruma kabisa, "Ona wanavyoheshimiana." Wengine wakaguna kukubali. Hatukuwa tunaheshimiana. Tulikuwa tunakimbia, kila mmoja anataka mwenzake abaki.

Mara mama akauchomoa mkono wake kutoka kwa kaimu. Akapiga hatua hadi ukingoni, akainama kwa shida, akachota udongo uliolowa kwa viganja vyote viwili na kuutupa kaburini. Haijawahi kutokea kwetu mjane akatangulia mtoto. Akageuka, akaingia ndani bila kumtazama mtu.

*

Alipokwisha kukaa mkekani aliwaambia wanawake wote watoke. Walitoka taratibu, wakisimama mlangoni kusikiliza, mpaka Shangazi Tusekile akawafukuza. Tukabaki sisi watatu.

"Kaeni hapo mbele yangu," mama akasema. "Mmenitia aibu. Baba mtu anaingia kaburini, watoto wanatazamana kama mbuzi. Nani hataki?"

Kaimu akajitupa magotini pake na kuanza: "Mama weee, mama yangu..."

"Nyamaza. Kilio hicho ni cha watu. Mimi nataka maneno."

Mvua ikaanza tena kupiga bati. Kaimu alipozungumza, ilibidi niinamishe kichwa nimsikie.

"Sitaki kukaa, mama. Sijawahi kutaka."

"Na wewe?" Mama akanigeukia.

"Mimi pia. Nilitaka huyu akae ili mimi niondoke na moyo mweupe."

Mama alikuwa ameikunja ile mikono yenye udongo, hakuwa amenawa.

"Mnadhani sijui?" akasema. "Mtu anayependa watu hasimami nyuma ya tenki kuzungumza na ukuta. Namwona kila siku kutoka dirisha la jikoni. Nikasema, ataacha akizoea. Na kwako wewe nilisema hivyohivyo, tangu ukiwa mdogo, ataacha akikua. Baba yenu akaniambia, Tupokigwe, huyo hataacha, ndivyo alivyo. Nikamwambia, mtoto kakurithi wewe, ndiyo maana unamtetea." Sauti yake ikapanda. "Mimi sikuzaa mlinzi wa zamu! Mwakibete! Upo hapo nje?"

"Nipo, mama." Mtendaji alikuwa karibu na dirisha, pamoja na nusu ya kijiji.

"Mwenye nyumba hawezi kumwachia kaimu aende zake?"

"Anaweza, mama. Sheria inaruhusu, ila sijawahi kuona mzazi amefanya. Dada Gwantwa naye akirudi kwake, nyumba itahesabika haina mtoto. Siku yako ikifika, Mungu apishe mbali, nitaita na hakuna atakayeitika."

"Kwani leo ameitika nani?"

Mtendaji akakitazama kifaa chake.

"Nimemwachia," mama akasema. "Andika huko kwenye kidude chako."

"Ni lazima awe na jina lake, mama. Hawezi kutoka na la dada yake."

Neno lile, dada, lilimtoka tu, sidhani kama alilifikiria. Kaimu alinyanyua uso. Mama naye alimtazama, akamtazama kwa muda mrefu, jinsi anavyotazamwa mtoto mchanga anapoletwa na mkunga.

"Subilaga," akasema. "Nilikuwa nimeliweka kwa ajili ya mtoto wa pili. Hakuja."

Kile kifaa cha mtendaji, kilichokuwa kinalia tangu niingie uani, kikanyamaza. Ilipaswa nifurahi. Jina langu nimebaki nalo, safari ninayo, na hakuna aliyekufa kwa ajili yangu. Badala yake nilikuwa nalia, kimyakimya, kamasi zinanitoka. Tangu nizaliwe mama hakuwahi kuniambia niende. Nilikuwa nimeondoka kwa kumponyoka, na sasa aliponifungulia mlango mwenyewe niliona ni mkubwa mno.

"Utabaki na nani, mama?"

"Nitabaki na watu wangu. Mimi watu hawanichoshi. Watanizika hao hao, na watanilia vizuri kuliko nyie." Alijaribu kucheka, kicheko kikakatikia njiani. "Kunipigia simu msipeane zamu. Atakayekuwa na hamu na mimi ndiye apige."

Subilaga akasimama. Nikasimama na mimi, maana sikujua mtu aliyefunguliwa mlango anatakiwa kukaa au kutoka. Mama akatudaka kanga zetu, kila mkono na yake, akavuta kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Mnakwenda wapi? Nimesema mtaenda, sijasema leo. Leo baba yenu ndiyo mara yake ya kwanza kulala nje, na mvua yenyewe hii."

Tukarudi chini, tukakaa naye.